Ujumbe wa Uongo wa Benki: Uripoti Kabla ya Kuufuta

"Mteja mpendwa, akaunti yako imefungwa kwa sababu za kiusalama. Piga nambari hii kabla ya saa sita mchana ili ifunguliwe." Ujumbe wa namna hii humkuta mama mboga wa Gatwekera akikatakata sukuma wiki, humkuta fundi wa Kawangware akiwa juu ya ngazi. Wengi huutupia jicho, wakaufuta na kuendelea na kazi. Wapo pia wanaojipa moyo kwamba hawana cha kuibiwa, maana salio lenyewe ni shilingi mia mbili.

Salio dogo halimlindi mtu. Tangu M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Safaricom, ilipoanzishwa Machi 2007, laini ya simu imezidi kubebeshwa mambo. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari na mikopo yake, na mwaka 2019 ikafuata Fuliza, inayomwezesha mteja kutuma pesa ambazo hana. Tapeli akishapata laini yako pamoja na nambari ya siri, anaweza kukopa kwa jina lako, akatoa pesa na kutoweka, deni likabaki lako. Na kama wewe ndiwe mweka hazina wa chama, huenda simu hiyo imebeba akiba ya majirani zako wote.

Ujumbe wa uongo unaweza kutambuliwa. Ule wa kweli wa M-Pesa huingia kwa jina MPESA, wala hautoki kwa nambari ya kawaida ya 07 au 01. Huanza na msimbo wa herufi na tarakimu 10, hutaja kiasi, tarehe na saa, kisha salio jipya. Matapeli huiga karibu yote hayo. Kinachowashinda ni salio, kwa sababu hawalijui. Basi hubuni lolote, huliacha nje, au huandika kwamba limefungwa. Mtu anayekumbuka alikuwa na pesa ngapi asubuhi atamnasa tapeli kwa mstari huo mmoja.

Hata hivyo, jina la mtumaji peke yake lisikutulize. Juni 2024 polisi wa Jiji la London walitangaza kukamatwa kwa watu wawili walioshukiwa kutumia antena ya kujitengenezea kurusha maelfu ya ujumbe uliojifanya wa benki. Kwa hivyo angalia pia kile unachoombwa. Benki haina haja ya kukuuliza nambari yako ya siri, kwa ujumbe wala kwa simu. Ukitumiwa kiungo cha kubofya ili akaunti "ihuishwe", usikibofye. Piga nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi yako au nenda kwenye tawi.

Mara nyingi ujumbe ni chambo tu, na wizi wenyewe hufanyika kwa simu inayofuata. Mtu mwenye sauti ya upole hujitambulisha kuwa mhudumu wa wateja, huku Safaricom ikiwa imeshasema mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000 pekee. Atakuuliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, labda na watu uliowatumia pesa karibuni. Hayo ndiyo yanayomsaidia kuomba laini yako ihamishiwe kwenye kadi nyingine. Kisha anaweza kukuambia ubonyeze msimbo unaoanza na nyota 33. Msimbo huo huzuia simu zinazotoka, ili utakaposhtuka ushindwe kupiga kuomba msaada. Mteja wa Safaricom anaweza kujikinga mapema kwa kubonyeza *100*100#, na laini yake haitabadilishwa nje ya maduka ya kampuni hiyo.

Katika soko la Toi, Nairobi, hila hiyo huja na sura nyingine. Mnunuzi anachagua jaketi, anaonyesha kwenye simu yake kwamba amelipa, na anaondoka haraka. Muuzaji asiamini kioo cha simu ya mwenzake. Angojee ujumbe wake mwenyewe, au aangalie salio kwa *334# kabla mzigo haujatoka kibandani. Na mtu akipiga akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aombe Safaricom imrudishie, kwa kutuma ujumbe wake wa muamala kwenda 456. Ikiwa kweli alituma, njia ipo. Ikiwa hakutuma, atakata simu.

Sasa kuripoti, jambo ambalo wengi huliruka kwa aibu au kwa kuona pesa zenyewe ni kidogo. Mteja wa Safaricom hutuma ujumbe wa utapeli, au nambari ya tapeli, kwenda 333 bila malipo. Tanzania ina 15040 kwa kazi hiyohiyo, na Uingereza ina 7726. Nambari moja ya tapeli huandikia watu wengi kwa siku. Ikiripotiwa mapema inaweza kufungwa kabla haijamfikia jirani yako.

Ikiwa pesa zimeshatoka, ni mbio. Piga 234 kwa M-Pesa na uipigie benki yako ukiomba akaunti isimamishwe, kwa sababu pesa ambazo hazijatolewa kwa ajenti ndizo zenye tumaini la kurudi. Badilisha nambari ya siri. Kisha nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ukiwa na ujumbe wote kwenye simu, tarehe, saa na nambari zilizotumika. Anayeufuta kwa hasira ameharibu ushahidi wake mwenyewe. Idara ya upelelezi, DCI, nayo hupokea taarifa bila malipo kwa 0800 722 203.

Sheria ipo. Sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 30, inaweka faini ya hadi shilingi 300,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa mtu anayetumia ujumbe wa hila kumnyang'anya mwingine taarifa zake za siri. Lakini mpelelezi hawezi kumfuata tapeli ambaye hakuna aliyemtaja. Ujumbe kama huo ukiingia leo, utume kwanza kwenda 333, umwonyeshe mzazi au jirani asiyesoma vizuri, ndipo uufute.