Je, Wajua? Daftari la Viumbe Lapandishwa Mizanini

Je, wajua kwamba kuna daftari moja duniani lenye mistari zaidi ya bilioni 2, na karibu kila mstari unasema jambo lile lile: kiumbe fulani kilionekana mahali fulani, siku fulani? Linaitwa GBIF, kituo cha kimataifa cha taarifa za bioanuwai, na makao yake yapo Copenhagen, Denmark. Ukitaka kulifungua, fungua tu. Hulipi hata senti!

Piga hesabu hii nawe. Ukisoma mstari mmoja kila sekunde, bila kula wala kulala, bilioni 2 utazimaliza baada ya miaka 63. Anza leo, mjukuu wako ndiye atakayekufungia kurasa za mwisho.

Na je, wajua kwamba daftari hilo lilianza 2001, likafikisha mstari wa bilioni 1 mwaka 2018? Miaka 17 mizima. Bilioni ya pili haikungoja hivyo: 2022 ilikuwa imeshatimia.

Utadhani nchi zimebanwa na mkataba mzito wenye mihuri. Hata! Kinachoziunganisha ni hati ya maelewano tu, isiyomfunga mtu kisheria, lakini nchi zaidi ya 60 zimo. Tanzania imo pia, kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH.

Haya, sogea karibu, maana hapa ndipo penye utamu. Mwaka 2019 wenye daftari waliomba wakaguliwe kazi yao ya miaka 20, na wakaguzi wawe watu wa nje. Wakaitwa CODATA, kamati ya kimataifa ya data za sayansi iliyoundwa 1966, yenye makao Paris. Ripoti ikatoka 2020.

Lakini unawajua CODATA wewe? Ukienda dukani kwa Mangi ukanunua kilo ya sukari, umeshakutana nao! Kuanzia 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha chuma cha thamani kilichofungiwa karibu na Paris. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafishwa, na kilo ikaanza kutegemea namba moja ya fizikia iitwayo namba ya Planck. Thamani ya namba hiyo ilikokotolewa na jopo la nani? CODATA! Kwa hiyo waliosaidia kuipa dunia kilo mpya ndio hao hao walioitwa, mwaka ule ule, kulipima daftari la vipepeo na kambare.

Wachumi nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2023 Deloitte Access Economics walitoa tathmini yao: kila euro 1 inayotiwa GBIF huwapa watumiaji faida ya euro 3, na jamii kwa jumla hadi euro 12. Mimi bei ya kipepeo siijui, na nina wasiwasi na anayedai kuijua, ila moja kwa kumi na mbili, ndugu yangu, hata upatu haulipi hivyo.

Je, wajua mkaguzi anajuaje kama data imetumika kweli au imelala tu? Kila unapopakua data GBIF, mzigo wako hupewa namba yake ya kudumu. Ukiandika utafiti, unaitaja namba hiyo, nao wanakuona. Tafiti zilizopitiwa na wataalamu na kuitumia data hiyo zimeshavuka 10,000!

Sasa cheka kidogo. Aina za ndege duniani ni kama 11,000, ilhali mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu, waliokwisha kupewa majina ni kama 400,000. Nani amejaza daftari? Ndege! Zaidi ya nusu ya mistari yote ni yao. Sababu ni watazamaji wa ndege, watu wenye darubini na subira isiyoisha, wanaotuma walichokiona kupitia eBird, mradi ulioanza Marekani mwaka 2002. Mbawakawa hana mashabiki.

Je, wajua kuna kisiwa ambacho hakipo, lakini wanyama wanaweza kuhamia huko? Ni pale latitudo 0 inapokutana na longitudo 0, katika Ghuba ya Guinea. Hakuna ardhi, kuna boya tu linaloelea. Mtu akiacha nafasi ya mahali tupu, kompyuta ikajaza sifuri mbili, basi tembo wake, chatu wake na mbuyu wake wote wanatupwa baharini! GBIF ina programu inayozisaka sifuri hizo na kuzipigia alama.

Hilo dogo. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini na nyuzi 40 mashariki. Karani akizigeuza namba hizo, kasa wa Mombasa anajikuta jirani na Toledo, katikati ya Uhispania, ambako bahari huisikia kwa jina tu. Mgeuze na twiga wa Dodoma: anatua majini, magharibi kidogo ya Tangier, Moroko. Tangier ndiko alikozaliwa Ibn Battuta mwaka 1304, yule msafiri aliyefika Kilwa 1331. Yeye alikuja kwetu kwa misafara na majahazi. Twiga wetu amekwenda kwao kwa kuteleza kidole. Na karani akisahau alama ya kutoa, ile inayoonyesha kusini, mbele ya nyuzi 6 za Dodoma? Twiga huyo huyo anaamkia kusini-magharibi mwa Ethiopia!

Unadhani makosa yanaishia huko mbali? Mwaka 2019 watafiti walitoa programu ya kusafisha data za namna hii, CoordinateCleaner. Moja ya kazi zake ni kuwashuku viumbe wanaodaiwa kuishi karibu na ofisi za GBIF zenyewe, pale Copenhagen. Simba wa Serengeti anaweza kuandikiwa anwani ya makarani wake!

Na majina je? Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma kwao ua dogo la zambarau kutoka Usambara, Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha, na leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Ua hilo hilo, lisilobadilika hata jani, lilihamishiwa ukoo mwingine katika miaka ya 2010, likawa Streptocarpus ionanthus. Daftari halikubali kuhesabu maua mawili pale ambapo lipo moja, kwa hiyo linayaweka majina yote mawili na kuyaunganisha.

Kipunji naye, yule tumbili wa milima ya Rungwe, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 kwa jina la Lophocebus kipunji. Mwaka mmoja tu baadaye akaandikwa upya: Rungwecebus. Wenyeji wa Rungwe wakati wote huo walikuwa wakimwita kipunji.