Kabla ya Safari, Andika Namba Kwenye Karatasi

Ndugu zetu wa kambini,

Wengi wametoka hapa. Wengine walirudi Burundi au Kongo, wengine walihamia Marekani, Kanada na Australia. Msafiri hukumbuka begi na karatasi za hospitali. Namba za watu wake anaiachia simu imtunzie. Hapo ndipo familia zinapopotezana.

Kaka yangu mkubwa aliondoka mwaka 2019 kwenda Chicago. Simu yake ilipotea njiani, naye hakuwa na namba hata moja kichwani, hata ya mama. Huku nyumbani tulipiga laini yake ya zamani kila jioni, tukajibiwa haipatikani. Mama akaacha kula vizuri. Miezi mitano ilipita hadi mtu wa kwaya yetu ya zamani, aliyekuwa na namba ya jirani, akatuunganisha. Kosa lilikuwa letu sote. Hakuna aliyeshika kalamu.

Kwa hiyo andika namba tatu: ya nyumbani, ya jirani, na ya ndugu anayeishi mji mwingine. Karatasi ikae mwilini, si ndani ya begi.

Iandike namna itakayofanya kazi nje ya nchi. Namba ya Tanzania inayoanza na 07 au 06, ondoa sifuri ya mwanzo, tanguliza +255. Ya Kongo vilevile, kwa +243. Za Burundi hazina sifuri ya kuondoa. Tanguliza +257 tu. Alama ya + hupatikana kwa kubonyeza 0 bila kuachia. Kwenye vitochi vingine ni nyota mara mbili.

Ukipata laini mpya, piga nyumbani siku hiyohiyo. Usiitegemee ile ya zamani. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Hata WhatsApp, ukibadilisha simu, hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyojiandikisha nayo. Imefungwa? Hupati kitu.

Mama mwenye kitochi haoni WhatsApp. Patana na jirani mwenye simu ya tachi, siku na saa. Saa mbili usiku hapa ni saa moja Uvira na Bujumbura. Chicago ni saa tano asubuhi wakati wa baridi, saa sita mchana wakati wa joto. Sisi tulichagua Jumapili, baada ya kujifunza kwamba kaka akipiga akitoka kazini, sisi tumelala.

Aliyepotezana kabisa na watu wake aende kwa Msalaba Mwekundu. Kutafutiwa ndugu ni bure. Mtu akikuomba pesa kwa kazi hiyo, usimpe. Nenda na majina kamili ya unayemtafuta, majina ya baba na mama yake, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Jina la utani pia litaje, maana wengine kijijini hawajulikani kwa lingine.