Pikipiki Yakataa Kuwaka: Je, Kosa ni la Swichi?

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, jirani yetu wa Katuba alitujia akiisukuma pikipiki yake kwa mikono. Yeye huchukua abiria kutoka Katuba hadi katikati ya mji wa Lubumbashi, na kwa kazi hiyo hulisha watoto wanne na kuwalipia shule. Ilikuwa siku ya nne asipate hata faranga moja. Pikipiki yake, Yamaha ya zamani iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, ilikuwa ikizimika yenyewe njiani, kisha ikakataa kuwaka kabisa. Fundi wa kwanza alimwambia kwamba swichi ya ufunguo imekufa, akamwuzia nyingine. Pikipiki ikazimika tena. Fundi wa pili akasema swichi ile mpya ni mbovu, akamwuzia ya pili. Sasa wa tatu alikuwa amemshauri azikate nyaya zote za swichi na kuzifunga pamoja, mambo yaishe. Alikuja kwetu kuazima kisu.

Sisi kazi yetu ni chaki na ubao, wala hatujidai kuwa mafundi. Lakini kwa miaka kadhaa tulizizungukia shule za vijiji vya upande wa Kipushi juu ya pikipiki kuukuu, na pikipiki kuukuu ni mwalimu mkali: asiyetaka kujifunza hurudi nyumbani kwa miguu. Tulimpa jirani kiti, kisu hatukumpa.

Swichi ya ufunguo, ambayo mafundi wengi wa mji wetu huiita kontakti, ni mlango mdogo wa umeme. Ndani yake mna vipande vya shaba. Ufunguo ukizungushwa, kipande kimoja hugusa kingine na umeme hupita, ukirudishwa, huachana. Watu wengi hudhani kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika kila pikipiki: swichi ikigusana injini huwaka, ikiachana huzimika. Sivyo, na hapo ndipo fedha nyingi za maskini hupotea.

Ni kweli kwa zile pikipiki ambazo cheche yake hutoka katika betri. Lakini katika pikipiki nyingi za zamani, kama Yamaha DT125, au zile AG100 zilizojulikana sana katika misheni na zahanati za vijijini, cheche haiitegemei betri hata kidogo. Injini ikizunguka huzungusha sumaku, na sumaku huzaa umeme wa kutosha kuwasha petroli. Jambo hilo ni la kale: mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani, alitengeneza magneto iliyoweza kutoa cheche kali bila betri. Basi, kwa mashine za namna hiyo, kazi ya swichi ni kinyume. Ufunguo ukiwa mahali pa kuzima, swichi huunganisha waya wa cheche na mwili wa chuma wa pikipiki. Umeme hukimbilia huko, buji hunyimwa, injini hufa. Ufunguo ukifunguliwa, swichi huuachia ule waya uende zake. Kwa hiyo ukiing'oa swichi kabisa na kuitupa, pikipiki itawaka! Taabu itakuwa kuizima.

Hebu fikirini sasa ushauri wa yule fundi wa tatu. Nyaya zote zikifungwa pamoja, waya wa cheche ungefungwa daima na mwili wa pikipiki, nayo isingewaka milele. Tena waya mwekundu utokao katika betri ungeguswa na ule wa ardhi, na kama fyuzi si halali, nyaya zingeungua karibu na tangi la petroli. Twasema fyuzi halali kwa sababu tumeona kwa macho yetu karatasi ya fedha ya sigara ikiwekwa mahali pake.

Rangi za nyaya nazo zataka uangalifu. Katika Honda na katika Yamaha, waya mwekundu hutoka katika betri, na mweusi wenye mstari mweupe ni ule wa kuzima cheche. Lakini waya mweusi mtupu ni mtego. Katika Honda hupeleka umeme mbele baada ya swichi. Katika Yamaha ni wa ardhi, na kazi ya kupeleka umeme hufanywa na waya wa kahawia. Pikipiki nyingi za Kichina zafuata rangi za Honda. Basi kijana aliyejifunza kazi kwa mashine za Kichina akiifungua Yamaha ya zamani, hana budi kusahau kwanza aliyoyazoea.

Tulianza na buji. Tuliing'oa, tukaiingiza tena katika kofia yake, tukailaza juu ya chuma cha injini mbali na petroli, jirani akakanyaga kiki. Hapakuwa na cheche. Kisha tukaufuata ule waya mweusi wenye mstari mweupe mpaka kwenye kisanduku ambacho mafundi hukiita CDI, tukauchomoa hapo. Jirani akakanyaga tena, na cheche ya buluu ikaruka. Kumbe sumaku ni nzima, kisanduku ni kizima, buji nayo ni nzima. Kuna kitu kinachoukaba waya ule mahali fulani. Je, ni swichi? Tuliurudisha waya, tukafungua taa ya mbele na kuchomoa kiungo cha nyaya za swichi. Kama swichi ndiyo yenye kosa, cheche ingerudi. Haikurudi. Swichi haikuwa na hatia, wala ya kwanza, wala ya pili.

Hapo twawaonya wasomaji neno moja: msipime waya wa cheche wa mashine hizi kwa kuugusisha na umeme wa betri, maana CDI yaweza kufa papo hapo, na bei yake haifanani na ya swichi.

Kama pikipiki ingekuwa ya betri, tungefanya vingine. Taa ndogo ya kuonyeshea njia, iliyofungwa nyaya mbili, yatosha. Waya mmoja hufungwa kwenye chuma cha injini, wa pili hugusishwa kwanza pale umeme unapoingia katika swichi, halafu pale unapotoka ufunguo ukiwa wazi. Isipowaka pa kuingilia, kosa ni la betri, fyuzi au waya uliotangulia. Ikiwaka pa kuingilia na kufifia pa kutokea, swichi imechafuka. Mwenye kipimo cha volti ataona sawasawa zaidi: tofauti ya zaidi ya nusu volti kati ya mahali hapo pawili, taa zikiwa zimewashwa, ni dalili mbaya.

Turudi Katuba. Tulimwambia jirani ageuze usukani polepole, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, huku sisi tukipapasa nyaya shingoni. Mahali hapo nyaya hupindwa kila kona, kila siku, kwa miaka. Ganda la waya mmoja lilikuwa limechubuka kwa urefu wa kucha, na shaba ililala juu ya chuma chenye maji. Jua likiwaka iliweza kuachana na chuma. Mvua ikinyesha, au usukani ukigeuzwa kushoto, iligusa. Ndiyo sababu ilimzimikia penye kona, tena majira ya masika. Mwenyewe alikuwa ameliona jambo la kona, ila hakuna fundi aliyemwuliza.

Tulikata sehemu iliyochakaa, tukaunga kipande kipya kwa kulehemu, tukakivika mpira, tukaacha ulegevu wa kutosha ili usukani usikivute.

Swichi yake ya kwanza alikuwa ameitia katika kopo. Tuliifungua kwa bisibisi juu ya kitambaa cheupe, maana ndani mna springi na vidonge vya chuma vinavyoruka kama panzi. Shaba yake ilikuwa na ukoko wa kijani. Wanafunzi wa Lubumbashi waujua ukijani huo hata wasipojua wanaujua: ni ndugu wa malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa na kuuzwa kwa wageni. Malakiti ni shaba iliyokaa na maji na hewa chini ya ardhi. Watu waliichimba, na tangu mwaka 1911 tanuri za mji huu ziliyeyusha shaba. Nayo, ikiachwa katika unyevu, huanza safari ya kurudi kuwa jiwe. Ukoko ule haupitishi umeme vizuri. Tuliusugua kwa msasa laini, tukafuta kwa spiriti, tukapaka grisi kidogo sana.

Katika tundu la ufunguo tusitie mafuta ya kupikia wala ya injini, kwani kiangazi chetu ni cha vumbi jekundu, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa udongo. Unga kidogo wa penseli hulainisha vizuri. Uwe kidogo kweli, maana huo nao hupitisha umeme, na haufai kuangukia kwenye shaba. Mafungu makubwa ya funguo, pamoja na la nyumba na la baiskeli, yaondolewe. Hutikisika njia nzima na kulegeza swichi.

Jirani aliirudisha swichi yake ya kwanza, akafurahi zaidi kwa sababu ufunguo wake ndio ule ule unaofungua kifuniko cha tangi. Kiki ya pili, injini ikanguruma. Alikwenda mchana ule ule kujaribu kuzirudisha zile mbili mpya, akakataliwa. Moja amekwisha kumwuzia mwenzake wa kituoni kwa nusu bei, baada ya kumlazimisha kwanza ageuze usukani kulia na kushoto mbele yake.