Maji ya Kuoga Hayahitaji Kuchemka

Baridi ya alfajiri hapa Kachibora, chini ya milima ya Cherang'any, haimruhusu mwalimu wala mwanafunzi kuoga maji baridi. Aghalabu maji huinjikwa mafigani hadi yatokote, kisha yakazimuliwa ili yaogeke. Ajabu ni kwamba lugha yetu ina neno vuguvugu, nalo latosha: nyuzi 40 hivi. Kuni za ziada huteketea bure, na mwenye kuzitafuta ni binti aliyepaswa kuwa anadurusu.

Joto hilo jua hulitoa bila taabu. Bamba jeusi juu ya paa hulinyonya. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililofunikwa vyema, yakahifadhi moto wake mpaka alfajiri. Mwezi wa Julai, mawingu yakitanda, kuni kidogo zitahitajika.

Kanuni za serikali za mwaka 2012 ziliwalenga wenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Mabweni yetu yanapita kiwango hicho. Bodi za shule zianzie hapo. Mwalimu ambaye bei imemshinda (nao ni wengi) na afunike sufuria, aiepue kabla haijatokota.