Chuma cha Vita Kina Tarehe, Tena Kina Mauti

Wahenga walinena: usimwone simba kanyeshewa ukamdhania paka. Usemi huu wafaa sana kwa guruneti kuukuu lililoliwa na kutu, ambalo baadhi ya watu hulitamani kama pambo la kabati.

Huko Ufaransa, kutambua maguruneti ya zamani ni elimu kamili. Mkusanyaji hutazama kwanza umbo. Guruneti la F1, la mwaka 1915, lina mwili wa chuma cha kusubu uliogawanywa miraba kama ganda la nanasi. Lile la OF lina mwili laini na mwembamba, kwani lilikusudiwa kutisha kwa mshindo kuliko kutawanya vipande. Kisha hukagua kiwashio, maana mwili mmoja uliweza kufungwa viwashio vya miaka mbalimbali. F1 za mwanzo ziliwashwa kwa kugongwa. Mwaka 1916 kikaja kiwashio cha Billant, chenye wenzo. Kwa hiyo umbo pekee si ushahidi tosha.

Je, elimu hii yamfaa nini mwalimu wa historia aliye Kosele? Yamfaa sana. Mnamo Septemba 12, 1914, askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walipambana na Wajerumani mjini Kisii, baada ya kushuka Kendu Bay na kushika njia ya bara. Barabara ya leo kati ya miji hiyo hupitia Oyugis, jirani na Kosele. Mtu akionyesha picha ya F1 na kudai kwamba iliangushwa katika vita hivyo, mwanafunzi makini atakataa: silaha hiyo haikuwa imeundwa. Likiwa ni guruneti la OF la 1937, atafikiria kisa kingine. Mwaka 1942 Keya walipelekwa Madagaska kupigana na majeshi ya Ufaransa yaliyotii serikali ya Vichy. Tarehe moja hugeuza simulizi nzima.

Hata hivyo, kuijua tarehe si kuiondoa hatari. Baruti haistaafu, na kutu huweza kula kile kile kinachokizuia kiwashio kisifyatuke. Wafugaji wa Archer's Post na Dol Dol walilijua hilo kwa machozi. Mabaki ya silaha katika viwanja vya mazoezi ya jeshi la Uingereza yaliwaua na kuwalemaza watu, wengi wao watoto waliokuwa wakichunga mifugo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa walalamishi 228 pauni milioni 4.5. Fedha hizo hazikumrudishia mtoto mkono wake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba elimu hii ni ya macho, wala si ya mikono. Mwalimu na afundishe kwa picha na michoro. Mwanafunzi akikuta chuma asichokielewa shambani au mtoni, asikiguse, asikipige jiwe, wala asikipeleke shuleni ili asifiwe. Aondoke, awazuie wenzake, kisha amweleze mtu mzima ili chifu na polisi wapate habari. Mwenye kukihifadhi nyumbani kama kumbukumbu ya babu naye afanye vivyo hivyo, kabla wajukuu hawajakifanya mpira.

Historia yataka mashahidi walio hai.