Kwa Nini Lori Letu Lilikataa Kuwaka

Muhula huu lori la shule liliishiwa dizeli njiani usiku, nasi tumempakia mwenzetu mgonjwa wa malaria. Dereva akatia dizeli ya debe, lakini injini ilizunguka tu isiwake. Sisi wa Kidato cha Nne tukalaumu betri. Bure! Betri iliyochoka haizungushi injini kwa nguvu vile. Na plagi za cheche injini ya dizeli haina.

Kisa kilikuwa hewa, au upepo kama wasemavyo mafundi, iliyoingia mabombani tangi lilipokauka. Hewa hushindilika ikisukumwa, basi mafuta hayafiki kwenye nozeli. Dereva alilegeza skrubu ya chujio, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, akaikaza. Stata ya pili ikawaka. Tulifika hospitali saa nane.