Bei inayokataza: maana ya neno « prohibitive »

Wenye kusoma Kingereza hukuta mara nyingi neno « prohibitive » karibu na bei, gharama au kodi. Wengi wetu hulifasiri « ghali », kisha huendelea mbele. Haitoshi.

Tuanze na Kilatini, kwani hapo tuko nyumbani. Prohibere ni pro na habere: kumshika mtu kwa mbele asipite. Kwanza neno lilikuwa la sheria, la amri yenye kukataza. Baadaye likaingia katika mambo ya kodi na bei. Hapo hakuna amri tena. Sheria inakuruhusu, lakini bei imesimama mlangoni. Kitu ghali unakinunua huku ukinung’unika. Bei ya namna hii inakurudisha nyumbani mikono mitupu.

Tuangalie Uingereza. Mwaka 1815 serikali ilipandisha kodi ya muhuri juu ya magazeti hata peni 4 kwa kila nakala. Hakuna aliyekatazwa kusoma. Lakini mfanyakazi maskini angetoa wapi fedha hizo? Tena wakubwa walijua vema walilofanya, maana waliyaogopa magazeti ya watu wadogo. Mwaka 1836 kodi ilishushwa hata peni 1, na mwaka 1855 ikaondolewa. Kwa tajiri, peni 4 zilikuwa kodi tu. Kwa maskini zilikuwa katazo. Kwa hiyo kila tukutapo neno hili yatupasa kuuliza: kwa nani?

Lisichanganywe na « exorbitant ». Hilo latoka kwa ex na orbita, alama ya gurudumu njiani: ni bei iliyopotea njia, nalo lamlaumu anayeidai. Letu latazama mfuko wa mnunuzi. Gharama ya kujenga daraja yaweza kuwa ya haki kabisa, hata hivyo ikawashinda wanakijiji.

« Ikawashinda »: tumekwisha kulitaja neno la Kiswahili bila kulitafuta! Watu sokoni husema « bei imetushinda », na mfasiri hana haja ya kutunga jingine. Kodi ikiwekwa kusudi kuwafungia watu njia, kama ile ya magazeti, tuseme « kodi ya kuzuia ». Lakini mwandishi akisema hivi juu ya karo ya shule, nasi tukaandika « karo ni ghali », msomaji atadhani watoto wamo darasani na wazazi wanalalamika tu. Kumbe mwandishi alisema watoto wamebaki nyumbani.